Mchuzi wa Daktari Hakuna-Neno

Likora alikuwa mpishi asiyepika, na jambo hilo lilimuuma kuliko jino bovu. Kila mwaka, mwezi wa tatu, meli nyeupe ya madaktari wa Kimarekani ilitia nanga mbele ya kisiwa cha Ainlok, na kila mwezi wa tatu yeye ndiye aliyeitwa awapikie kwa wiki mbili. Kupika kwenyewe kulikuwa kufungua makopo. Nyama ya kopo, samaki wa kopo, maharage ya kopo, hata maziwa. Maji nayo yalikuja na meli ndani ya mapipa ya buluu yenye vifuniko vya kukaza, kana kwamba Ainlok hakuna kisima wala mvua.

Katika visiwa vile mgeni hali chake. Mgeni akija na chakula chake, akakila mbele yako, amekwambia mbele ya watu kwamba wewe ni mchoyo au ni mchafu, uchague mwenyewe tusi lipi linakufaa. Madaktari walikuwa wakilitoa tusi hilo mara tatu kwa siku, tena kwa tabasamu na "asante sana".

Likora angevumilia. Alikuwa na miaka sitini na mbili, ameshavumilia makubwa kuliko kopo la maharage. Lakini mwaka huo kulikuwa na Emiko.

Emiko alikuwa mjukuu wake, aliyemlea mwenyewe tangu mama yake aende mjini Majuro kufua mashuka ya hoteli. Alikuwa na miaka miwili tu siku ile Wamarekani walipolipua bomu lao upande wa magharibi na unga mweupe ukawadondokea watu wa Ainlok kutwa nzima. Waliondolewa kisiwani miaka mitatu, kisha wakarudishwa na kuambiwa kumekuwa safi. Sasa Emiko alikuwa na miaka ishirini na nne, na kovu shingoni pale madaktari walipomtoa tezi. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia. Ya kwanza ilitoka changa. Ya pili ilifika miezi minane, na Likora ndiye aliyempokea huyo mtoto. Hakuwa na umbo la kuitwa mtoto. Likora alimfunga haraka ndani ya mkeka mdogo, akamwambia Emiko kwamba alikuwa msichana, tena mzuri. Mpaka leo hakuna aliyejua zaidi ya hapo, na Likora alikusudia kufa nalo.

Na sasa Emiko alikuwa na mimba ya tatu, ya miezi minne.

"Panda meli ya madaktari, inapitia Majuro," Likora alimwambia. "Kaa kwa mama yako. Kule mchele unatoka nje, samaki wanatoka nje, kila kitu kinatoka nje. Zaa kule, halafu tutaonana."

"Bibi, tukianza kuhama kwa ajili ya hofu, tutahamia wapi?" Emiko alikuwa akisuka mkeka, na hakuinua macho. "Mara ngapi daktari ameulizwa? Anasema hakuna neno. Na mume wangu Tobin anasema nikiondoka, nani atashika ardhi ya mama yangu? Daktari aseme kwa mdomo wake kwamba chakula chetu kibaya. Akisema tu, nafunga mzigo siku hiyohiyo."

"Na asiposema?"

"Basi nitazaa hapa, utanipokea wewe."

Likora akatoka nje akajifanya kutafuta kuni, maana hakutaka mtoto aone uso wake.

Sasa huyo daktari. Jina lake halisi lilikuwa Pruett, lakini Ainlok nzima ilimwita Hakuna-Neno. Alikuwa mtu mwema, tusimsingizie. Aliyajua majina ya watoto wote, alikuja kanisani Jumapili akaimba nyimbo asizozielewa, na alikuwa na mikono myepesi ya kudunga sindano. Ila ulimi wake ulikuwa na wimbo mmoja. Uvimbe shingoni? Tutaukata, hakuna neno. Damu nyepesi? Kula maini, hakuna neno. Shelisheli na nazi za hapa? Kuleni tu, hakuna neno. Wale kaa wakubwa wa visiwa vya kaskazini, wapandao minazi? Hao mngewaacha kidogo, ila ukimla mmoja kwa bahati mbaya, hakuna neno.

Likora alimfuata mezani siku ya Jumatano, amebeba birika, na Jatios nyuma yake. Jatios alikuwa mtoto wa dada yake, mwanamume mzima mwenye kitambi na kalamu mbili mfukoni. Ndiye mkalimani wa madaktari.

"Muulize," Likora akasema, "kama chakula chetu hakina neno, mbona yeye anakula makopo?"

Jatios akakohoa, akasema Kiingereza kifupi. Daktari akacheka kwa upole, akasema Kiingereza kirefu.

"Anasema ni sheria ya safari, mama. Na matumbo yao ni mepesi, hayajazoea. Anasema chakula chenu ni kizuri, angependa sana kukila."

"Angependa sana?"

"Ndivyo alivyosema."

"Haya," Likora akasema, akammiminia kahawa mpaka ikafurika kwenye kisahani. Jatios alimfahamu mama yake mdogo tangu utotoni. Akarudi nyuma hatua moja.

Siku ya Ijumaa asubuhi, Neimi alifika jikoni na kikapu kilichofunikwa magunia ya mbata. Neimi alikuwa jirani na mwenzake wa jiko, mwanamke mnene mwenye kucheka kwa tumbo. Mumewe alikuwa ametoka visiwa vya kaskazini kukata nazi, na chini ya mbata kulikuwa na kaa watatu, kila mmoja mnene kama kuku.

"Usiniulize nilimwambia nini mume wangu," Neimi akasema. "Nimemwambia wewe unawaota usiku."

Mpango ulikuwa mwepesi. Samaki wa kopo wangekwenda kwa nguruwe. Kaa wangechemshwa, nyama ichambuliwe, itiwe kwenye ule mchuzi mzito wa nyanya ambao madaktari waliupenda, maana ndani ya mchuzi wa nyanya kila kitu ni samaki. Unga wa uwanga, wa mizizi ya kisiwani, ungechanganywa na ngano kwenye chapati zao. Kahawa ingechemshwa kwa maji ya kisima. Wangekula, wangesifu, halafu wangeambiwa. Hapo ndipo sura ya Hakuna-Neno ingesema yenyewe, bila mkalimani.

Likora alimshika kaa wa kwanza mgongoni, akamwinua juu ya chungu. Maji yalikuwa yanatokota. Kaa akatupa miguu hewani.

Akabaki amemshika hivyo hivyo.

"Nini tena?" Neimi akauliza. "Mwonee huruma baada ya kuiva."

"Siku ile ya unga," Likora akasema, "nilikuwa nimebandua chungu cha shelisheli. Kilikuwa wazi. Ule unga ukaingia. Nikaupangusa kwa kiganja, nikawapakulia. Emiko akalia anataka zaidi, nikampa na langu."

"Tunajua, Likora. Sote tulikula. Nani alijua?"

"Sikujua. Ndiyo maana nalala usiku." Akamrudisha kaa kikapuni. "Leo najua. Nikimpakulia mtu huku najua, nitakuwa nani? Nitakuwa wao."

Neimi akakaa juu ya gogo. Moto ulilia, nguruwe akaja kuchungulia kuna nini.

"Basi ndiyo imekwisha," Neimi akasema kwa masikitiko, maana alikuwa amejiandalia burudani. "Wapikie kopo lao waende zao."

"Nitawapikia kopo lao." Macho ya Likora yakaanza kung'aa, na walioyajua macho yale walikuwa wakificha kuku. "Lakini kuna ubaya gani nikisema nimewapikia kaa?"

"Utasema uongo? Wewe, mke wa shemasi?"

"Uongo nitautubu Jumapili, nyimbo mbili umetoka. Kilichoingia tumboni mwa mtu hakitoki kwa nyimbo."

Neimi akaanza kucheka kimyakimya, na tumbo lake likatikisika mpaka gogo likayumba.

Mchana madaktari wanne walikaa mezani chini ya turubai: Hakuna-Neno mwenyewe, vijana wawili wa vipimo, na nesi mmoja mwembamba mwenye nywele nyekundu ambaye kila mtu alimpenda kwa sababu alijaribu kuongea lugha ya pale na kukosea kila kitu. Likora aliwapakulia samaki wa kopo katika mchuzi wa nyanya, chapati za ngano tupu, na kahawa ya maji ya pipa. Chakula safi kabisa, kisicho na ladha, kama kawaida. Alichofanya tofauti ni kuongeza pilipili kidogo, na kumwalika Emiko na Tobin waje kumsaidia kuosha vyombo. Wanawake watano wengine walijikuta wana shughuli za haraka karibu na turubai.

Daktari akala, akapangusa sahani kwa chapati. Akasema neno.

"Anasema leo umepika vizuri kuliko siku zote," Jatios akatafsiri.

"Mshukuru. Mwambie ni furaha yangu amekipenda chakula chetu." Likora akaifuta mikono yake taratibu. "Mwambie tangu Jumatatu hajala kopo hata moja. Samaki wake nimewapa nguruwe. Huo mchuzi ni kaa wa kaskazini, wale wakubwa. Chapati ni uwanga wetu. Na maji ya mapipa niliyamwaga, nikajaza ya kisima."

Jatios akawa kama mtu aliyemeza mfupa.

"Mama. Siwezi kusema hivyo."

"Sema."

Jatios akasema. Likora hakujua Kiingereza, lakini alijua urefu wake. Yeye alikuwa amesema maneno mengi, na Jatios alikuwa ametoa matatu.

"Jatios, mtoto wa dada yangu. Wewe unataka nimwite Neimi atafsiri kwa mikono?"

Neimi, pale pembeni, tayari alikuwa ameinua mikono juu na kuichezesha kama magando. Jatios akafumba macho, akasema yote.

Kwanza daktari alitabasamu, kama mtu anayesubiri utani uishe. Akamtazama Likora. Likora akamtazama vilevile, uso mkavu kama mkeka. Tabasamu likaanza kudondoka, upande mmoja, kisha wa pili. Akakitazama kikombe. Akakiweka chini polepole, akakisukuma mbali kwa kidole kimoja.

Halafu ukawa mkanyagano. Kijana mmoja wa vipimo alikimbilia nyuma ya minazi na kutapika. Mwenzake alikwenda kufungua pipa, akanusa maji, akanusa tena, kana kwamba sumu ya bomu ina harufu. Hakuna-Neno alisimama akatoa amri tatu kwa sauti ambayo Ainlok haikuwahi kuisikia. Likatoka sanduku la chupa.

Hizo chupa kila mtu kisiwani alizijua. Kila mwaka uliandikiwa namba yako kwenye chupa, ukaambiwa mkojo wako wote wa kutwa uingie mle, usidondoshe hata tone, halafu madaktari wakaondoka nao, na majibu yakaja kuwa hakuna neno. Likora alikuwa namba arobaini na moja. Emiko alikuwa namba tisa. Na leo, mbele ya macho ya wanawake wanane, Wamarekani walikuwa wanagawana chupa.

"Mwanangu, usimwage!" mmoja akamwelekeza kijana wa vipimo. "Wanataka yote, hata ya kukohoa!"

"Kunywa maji mengi, shemeji! Mimi mwaka jana nilijaza mbili!"

"Mpeni namba! Hana namba huyo, atapotea!"

Neimi alikuwa ameshika mnazi asianguke. Hata Tobin, mume wa Emiko, ambaye kwa kawaida hucheka mara moja kwa mwezi, alikuwa ameinamia beseni la vyombo na mabega yanamruka.

Ni nesi tu aliyeharibu shangwe. Alikuwa amekaa palepale mezani na chupa yake mikononi, analia. Hakulia kwa hasira wala kwa aibu. Alilia kama mtu aliyepokea barua ya msiba. Wanawake wakanyamaza mmoja mmoja. Wawili wakachukua mikeka, wakaisimamisha kuwa ukuta nyuma ya mti wa mkadi, wakampeleka pale kwa kumshika mkono ajisitiri. Likora akajisikia vibaya ghafla. Alikuwa amemlenga mzee, na jiwe limempata binti. Nusura aseme, nusura aropoke palepale kwamba ni mzaha. Akamtazama Emiko, akauma ulimi.

Saa nane madaktari wote walikuwa kwenye mashua, na chupa zao, wakirudi melini. Kule melini kulikuwa na kile chumba cha chuma chenye kiti: unakaa, mlango unafungwa, na mashine inahesabu kilichomo ndani ya mifupa yako. Kila mtu wa Ainlok alishakikalia. Hakuna aliyewahi kuona daktari akikikalia.

"Umeona?" Likora akamwambia mjukuu wake. "Umeona alivyokimbia?"

Lakini Emiko alikuwa anasuuza masufuria na kutikisa kichwa. "Nimeona watu walioogopa, Bibi. Wazungu wanaogopa hata nzi. Alishasema matumbo yao mepesi. Kukimbia si kusema."

"Kweli," Tobin akasema. "Mwaka juzi mmoja wao alimkimbia kuku."

Likora akaokota sahani iliyobaki mezani. Mchezo wote ule, uongo wote ule, na msichana bado yuko palepale. Na mashine ingewaambia kesho kwamba ni wazima, na yeye angebaki mwongo wa kijiji mbele ya meli inayoondoka.

Jumamosi asubuhi kijiji kizima kilikuwa ufukweni, maana meli haiondoki Ainlok bila nyimbo. Wanawake walivaa mataji ya maua, na kulikuwa na mikeka midogo na mikufu ya simbi ya kuwapa wageni, kama kawaida. Hata mgeni aliyekutukana kwa makopo huagwa kwa heshima. Mashua ikaja. Hakuna-Neno akaruka majini kabla haijagota mchanga, suruali imelowa hadi magotini, uso umenyolewa na kung'aa. Alikuja moja kwa moja mpaka kwa Likora, akasimama mbele yake, akamtikisia kidole, akacheka. Alicheka kwa nguvu kabisa, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Akasema maneno mengi, na mwishoni akaweka mkono kifuani na kusema kwa sauti ya chini, kama anaongea na nafsi yake.

"Anasema umemweza," Jatios akatafsiri, naye akitabasamu kwa kupona. "Anasema wamekaa kwenye kiti wote wanne, na ni safi. Hawana kitu. Kwa hiyo ulidanganya, hukuwalisha chochote cha hapa. Anasema katika maisha yake hajawahi kuchezewa hivyo, na anakusamehe."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Neimi akajipigapiga paja. Likora alikuwa ameshaandaa jibu kali la kumrudishia, lipo kwenye ncha ya ulimi.

"Na lile la mwisho?" Emiko akauliza.

Alikuwa amesimama nyuma ya bibi yake, taji la maua kichwani.

"La mwisho ni la kawaida tu," Jatios akasema.

"Jatios," Emiko akasema. "La mwisho alisema nini?"

Jatios akatazama miguu yake. Alikuwa mtu wa kufupisha. Kazi yake yote ya miaka kumi na miwili ilikuwa kuyafupisha ya upande huu na kuyalainisha ya upande ule. Lakini huyu alikuwa mtoto wa binamu yake, yaani mwanawe, na watu wote walikuwa wanamtazama.

"Amesema, 'Ashukuriwe Mungu.' Amesema yule nesi ana mimba ya miezi miwili, hawakuwa wanajua, amewaambia jana ndani ya mashua. Amesema hakupata usingizi usiku kucha, akifikiria kile kiumbe."

Bahari ilikuwa inapiga mchanga, na mtu mmoja nyuma aliyekuwa ameanza wimbo wa kuaga akaukata katikati.

"Mwambie," Emiko akasema polepole, "wiki moja. Alidhani huyo mtoto amekula chakula chetu wiki moja, tena kupitia kwa mama yake, na yeye hakulala. Mimi nimekila miaka kumi na tisa tangu waturudishe. Nimezika wawili. Muulize kama usiku wa hao wawili alilala."

Safari hii Jatios hakufupisha. Alisema yote, neno kwa neno.

Daktari akafungua mdomo. Ainlok nzima ilijua neno litakalotoka, watoto wadogo wangeweza kumsaidia kulisema. Halikutoka. Midomo ilijaribu, ikafunga. Akamtazama Emiko shingoni, kwenye kovu alilolishona kwa mkono wake mwenyewe, akashusha macho mpaka tumboni, na ndipo, kwa mara ya kwanza, akaonekana kujua kwamba namba tisa ana mimba. Kwenye karatasi zake haikuwamo. Chupa yake ilipimwa mambo mengine.

Emiko hakusubiri zaidi. Alivua taji la maua, akampa Neimi, akageuka kwenda nyumbani kufunga mkeka wake. Tobin alisimama kidogo, akamtazama daktari, akamfuata mkewe.

Mficha maradhi, mauti humuumbua, wamesema wahenga. Wao hawakuongeza kwamba wakati mwingine anayeumbuka ni mmoja na wanaokufa ni wengine. Likora alikuwa ameshinda. Alichokitaka amekipata, mbele ya mashahidi, na Ainlok ingekisimulia kisa cha mchuzi miaka hamsini. Akasubiri furaha ije. Haikuja. Ndipo alipojua, amesimama palepale na lile jibu kali limemkauka mdomoni, kwamba wiki nzima alikuwa akitamani kushindwa. Alitamani Ijumaa ile Hakuna-Neno ajilambe vidole, acheke, aseme lete kaa mwingine. Angeaibika yeye, angekuwa kikongwe mwenye wasiwasi wa bure, na mtoto angezaliwa palepale Ainlok. Aliitamani aibu hiyo kwa moyo wake wote.

"Mwambie nafasi mbili melini," akamwambia Jatios. "Mke na mume. Mpaka Majuro."

Daktari akajibu kwa sauti ya chini.

"Anasema angependa, mama, lakini sheria ya safari hairuhusu abiria, mpaka kibali kutoka..."

"Mwambie basi meli haiwezi kuondoka na watu wana njaa. Nimebandika chungu. Wakae wale chakula cha mchana, na leo sitanii."

Jatios akatafsiri. Daktari akamtazama Likora kwa muda mrefu. Kitu fulani kikapita usoni kwake, si kicheko kabisa, ila hakikuwa mbali nacho. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasema jambo, akamwelekea nahodha wa mashua bila kusubiri litafsiriwe.

"Anasema mwambie binti achukue na mto," Jatios akasema. "Vitanda vya melini ni vigumu."

Walipandishwa saa sita. Nesi mwenye nywele nyekundu alikuwa ndani ya mashua, na alisogea kumpa Emiko nafasi upande wa kivuli. Hawakuwa na lugha ya kuongea, kwa hiyo wakakaa tu, magoti yamegusana. Likora alimbusu mjukuu wake, akamnusa nywele kama alivyokuwa akimnusa utotoni.

"Njoo na wewe, Bibi," Emiko akasema. "Bado kuna nafasi."

"Niende Majuro nikafungue makopo? Nimeshachoka nayo." Akamsukuma kidogo begani. "Nenda. Ukizaa mtoto mbaya wa sura, usimpe jina langu."

Emiko akacheka na kulia kwa pamoja, na mashua ikaondoka. Wanawake waliimba ule wimbo wa kuaga mpaka mwisho, beti zote sita, na Likora alikuwa na sauti kubwa kuliko wote. Meli ilipopita nje ya miamba, watu wakaanza kurudi majumbani, wakizungumza kwa sauti za chini.

Jikoni chungu kilikuwa kweli kimebandikwa. Neimi alikuwa ameuzima moto. Ndani mlikuwa na shelisheli la mti wa nyuma ya nyumba, limeiva, linanukia vizuri, na kando yake nazi iliyokunwa. Likora akaketi, akalimenya. Alilitazama kwa muda. Neimi naye alikuwa analitazama.

"Kuna kingine?" Likora akauliza.

"Hakuna."

Basi akaligawa, kipande chake na kipande cha Neimi, wakala.